Aliyewaua Wadudu wa Mto Tarle

Sinia lilikuwa jeupe, na likabaki jeupe. Hilary Stickland alikuwa ameinama kwenye ukingo wa Mto Tarle, maji yakimpiga magotini juu ya viatu virefu vya mpira, na mbele yake, juu ya jiwe, palikuwa na sinia la plastiki alilomwagia kila kitu kilichoingia wavuni. Kulikuwa na mchanga. Kulikuwa na jani moja la mwaka jana. Aliliangalia lile jani kwa subira, kwa sababu mara nyingi mdudu hupenda kujificha chini ya jani, kisha akaligeuza kwa ncha ya kidole. Chini yake hapakuwa na kitu.

Ulikuwa mwezi wa Mei. Miaka mingine, majira kama hayo, wale wadudu wenye mbawa kama vioo huibuka mtoni jioni na kucheza juu ya maji kwa wingi, hata ukisahau kipande cha keki nje bila kukifunika utakila pamoja na nyama yake. Mwaka huu keki zililiwa kavu. Samaki waliokuwa wakirukia wadudu hao walikuwa wamehama, na ndege wadogo wenye kifua cheupe, wanaotembea juu ya mawe wakitikisa mikia, hawakuonekana darajani tangu Pasaka.

"Ametia kitu," Hilary alisema.

Alikuwa akimwambia mbwa wake, Bramble, jike jeusi na zito, aliyeketi kwenye nyasi ulimi ukiwa nje.

"Usinitazame hivyo. Na wewe unamjua."

Waliyemjua ni Ambrose Guppy, mkulima wa mboga ya majini, ile yenye majani ya mviringo na ukali wa pilipili ambayo watu wa huku huibana katikati ya mikate na siagi. Mashamba yake yalikuwa juu kidogo ya daraja, madimbwi marefu ya saruji ambamo Mto Tarle hulazimika kupita polepole kabla ya kuendelea na safari yake. Ardhi ile ni ya kijiji. Guppy huikodi, kama baba yake na babu yake walivyoikodi, na Alhamisi jioni baraza la kijiji lingekaa ukumbini kuamua kama ataendelea kuikodi au afunge virago. Uamuzi huo ulimngojea Hilary na sinia lake. Yeye ndiye aliyeanza maneno, na yeye ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Miaka yake yote ya kazi aliikalia nyuma ya dirisha la posta akipima vifurushi vya wenzake, na hakuna kifurushi alichokipima bila kujiuliza ndani mna nini na kwa nini kimefungwa kwa utepe mwingi kiasi kile. Mumewe, Denis, alipokuwa hai alikuwa akimcheka, na kule kuchekwa kulimpunguza makali. Denis alipofariki hakukuwa na wa kumcheka tena. Shaka zikabaki nyumbani naye, zikala, zikanenepa.

Daphne Loveday alimkuta pale darajani, amembeba kwapani Mopsy, kijibwa chake kirefu kama mwanzi na chenye miguu ya kuazima.

"Haya, shoga, umepata?"

"Sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Ukitaka jani, nina jani."

Daphne akatazama juu, upande wa mashamba ya Guppy, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Mie nilishasema zamani. Mtu hapendi mbwa! Mtu aliyeumbwa na Mungu, mwenye moyo humu ndani, asipende mbwa! Unataka ushahidi gani zaidi?"

Hilary aliitikia kwa kichwa. Hoja hiyo ilikuwa imemkaa moyoni kabla hata ya wadudu kupotea. Tarle Abbas ni kijiji kinachovumilia mengi. Mtu anaweza asiingie kanisani mpaka siku ya maziko yake, anaweza akanuniana na ndugu yake kwa sababu ya ua wa miti, na jioni bado akapewa nafasi baani karibu na moto. Lakini Guppy alikuwa ametundika kibao langoni kwake, MBWA HAPANA, kwa herufi nyekundu. Siku moja Bramble aliporuka ukuta kufuata mpira, Guppy alimkabili ameshika reki mbele kama mkuki, uso umemkakamaa. Mtu wa namna hiyo, Hilary alijiambia, anashindwa nini kumwaga sumu mtoni ili majani yake yasiliwe na wadudu?

Jumatano asubuhi aliamka na mpango. Angeufuata mto wote mpaka bandarini Tarlemouth, akivua na kumwaga, akivua na kumwaga, ili baraza lione sumu ya Guppy imefika wapi. Tarle si mto wa kutisha. Unatoka chini ya kilima cha chokaa nyuma ya kanisa, unatulia katika kibwawa cha mawe, unapita kwa Guppy, darajani, kwenye kinu cha zamani, kando ya mabanda ya nguruwe, kando ya mtambo wa maji machafu wa mji, kisha unaingia baharini katikati ya mashua bila mtu kugeuka. Mwenye magoti mazima anaumaliza kwa siku na kuwahi basi la kurudi. Magoti ya Bramble hayakuwa mazima, kwa hiyo Hilary alimpa kifungua kinywa, akampapasa, akamtenganishia manyoya ya shingoni na kumdondoshea dawa yake ya mwezi, akanawa mikono, akampeleka kwa Daphne ashinde huko.

"Watacheza bwawani na Mopsy," Daphne alisema. "Nenda ukamkamate yule shetani."

Alianzia darajani, mahali alipoanzia siku zote. Hakuna aliyewahi kupima juu ya mashamba ya Guppy, kwa kuwa juu yake kulikuwa na kibwawa na chemchemi tu, na maji ya chemchemi ile ndiyo yaliyobatizia watoto wa kijiji kizima, Hilary akiwa mmojawapo. Nani atapima maji ya ubatizo? Akapiga mateke mchanga kama inavyotakiwa, wavu ukiwa chini ya mkondo, akamwaga. Sinia jeupe. Akaridhika.

Kwenye kinu aliweka sinia juu ya gogo na kuinama kwa kujiamini, na kitu kikatembea. Kilikuwa kijidudu chenye mikia mitatu, kimekaa kwenye kona ya sinia kikipepeza vijani vyake vya kupumulia pembeni mwa tumbo. Hilary alikitazama kwa kuudhika. Akavua tena, akapata wengine wawili wa aina yake na uduvi mmoja wa mtoni aliyejikunja.

"Mnafanya nini hapa?" aliwauliza.

Baada ya kinu, kijito kingine kinaingia kutoka bonde la jirani, na mto unapata nguvu na sauti. Kwenye mabanda ya nguruwe ya Roland Hallett, mwenyekiti wa baraza, alitumaini sana kuona sinia tupu. Hallett ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote ya kumwona Guppy anaondoka, na njia ya mbolea kutoka bandani ilikuwa inateremka moja kwa moja mpaka ukingoni, jambo ambalo Hilary aliliweka akiba kichwani kwa matumizi ya baadaye. Lakini sinia lilijaa. Wadudu wa mikia mitatu, wa mikia miwili, wale wanaojijengea nyumba ya vijiti na kutembea nayo, na uduvi wakirukaruka kama mafuta ya moto. Chini ya bomba la mtambo wa maji machafu alijiziba pua kwa skafu na kuvua kwa hasira. Walikuwa wachache kuliko juu yake, lakini walikuwa hai, na mmoja alikuwa mnene.

Alifika Tarlemouth saa ya chakula. Akaketi kwenye ukuta wa bandari, miguu inamuuma, akala mkate wake wa jibini huku ndege mmoja wa baharini akiuangalia kwa jicho la mdai. Watu wa mapumziko walikuwa wamejipanga ukutani wakining'iniza vipande vya nyama ya nguruwe kwenye nyuzi ili kuvua kaa, kuwacheka na kuwarudisha majini. Chini ya kamba za mashua, mahali ambapo maji ya Tarle hukutana na chumvi na mafuta ya injini, samaki wenye midomo minene walikuwa wakila ukungu wa kijani polepole, hawana habari.

Mtu mwingine angefurahi. Hilary alikasirika. Alikuwa ametembea mto mzima kutafuta kifo, na kila hatua mto ulimwonyesha uhai zaidi. Alitafuna, akafikiri, na kabla mkate haujaisha alikuwa ameipata njia ya kutokea. Guppy ni mjanja. Anatia kidogo, kiasi cha kuisha nguvu kabla ya kinu, ili mtu wa mjini akija kupima chini asione kitu. Bila shaka. Na kama ni hivyo, basi huu uhai wa chini ndio ushahidi wenyewe: waone huko kuna nini, waone kwa Guppy kuna nini. Aliinuka akiwa na nguvu mpya, akanunua ndoo ya plastiki ya kuchezea mchanga kwenye duka la bandarini, akarudi mpaka pale kwa nguruwe na kuijaza maji na wadudu. Waliozidi aliwatia katika chupa yake ya chai, chai yenyewe akiwa amekwisha kuimwaga. Ndani ya basi alikaa ameipakata ndoo, na watu wakamwachia nafasi kubwa.

Nyumbani aliiweka ndoo chini, karibu na mlango wa jikoni ambapo pana baridi, na wale wa kwenye chupa akawamimina katika bakuli la kioo la keki juu ya meza. Daphne alimleta Bramble amelowa mpaka mkiani.

"Leo ameogelea mpaka nikamwonea huruma," alisema. "Hao ndio mashahidi? Wabaya wa sura, masikini."

Hilary alilala usingizi wa mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Asubuhi wadudu wa kwenye ndoo walikuwa wamekufa. Walikuwa wamelala chini wote, miguu imekunjamana, na mmoja tu alikuwa akitetema upande mmoja. Hilary alisimama na kanzu yake ya kulalia, mkono mdomoni. Halafu akageuka kuangalia mlango wa nyuma. Hakuwahi kuufunga kwa ufunguo tangu ahamie nyumba ile, hakuna anayefunga. Akainama akakagua komeo. Akakagua kizingiti kama kina tope. Guppy alimwona akipita na ndoo, ni lazima alimwona, basi linasimama mbele ya mashamba yake. Akangoja giza liingie, akaja na kichupa chake. Hilary aliogopa na kufurahi kwa pamoja, maana mtu anayevunja nyumba ya mjane ili kuua wadudu hawezi tena kujitetea mbele ya baraza lolote.

Alikuwa ameshashika simu alipoliona bakuli. Lilikuwa mezani, mahali pa wazi zaidi kuliko pale penye ndoo, na ndani yake uduvi walikuwa wakizunguka na kugongana kama watu wa mnadani.

Kwa nini awaue wa sakafuni na kuwaacha wa mezani? Hilary aliirudisha simu. Akaisogelea ndoo. Vigae kuizunguka vilikuwa na madoa ya maji yaliyokauka, na juu ya maji ya ndoo yalielea manyoya meusi, mafupi. Alijua jinsi Bramble anavyokunywa: hutumbukiza kichwa chote mpaka shingoni, kisha hukitoa na kukikung'uta. Alimkaripia kwa ajili hiyo miaka na miaka.

Mpaka shingoni.

Aliketi kwenye kiti cha jikoni. Bramble akaja kumwekea kidevu pajani, na Hilary, kwa mazoea, akampapasa nyuma ya masikio, kisha vidole vyake vikasimama pale manyoya yalipokuwa bado yameshikana kwa dawa ya viroboto. Ni dawa nzuri. Daktari wa wanyama huja na gari lake kila mwanzo wa mwezi, na kijiji kizima humpangia foleni, kila mtu na mbwa wake, kama siku ya chanjo. Kiroboto hafui dafu mbele yake. Hilary hakuwahi kujiuliza hata mara moja kama mdudu wa mtoni ana tofauti gani na kiroboto.

Akavaa viatu vyake vya mpira juu ya nguo za kulalia, akachukua wavu na sinia, akaenda nyuma ya kanisa. Bramble aliachwa amefungiwa ndani, akilia.

Kibwawa kilikuwa kitupu saa ile, safi hata ungeweza kuhesabu mawe ya chini, na kando yake ukingo umelainishwa na makucha. Hapo ndipo kila mbwa wa Tarle Abbas alipojifunzia kuogelea. Jumapili baada ya ibada watu husimama kukizunguka wakiwa na vikombe vyao, wakirusha mipira, wakiulizana habari za mbwa kwanza na za wajukuu baadaye. Hilary akavua. Sinia jeupe. Kisha akapanda kidogo mpaka pale kilima kinapotema maji, nyuma ya vyuma vilivyowekwa ili mtu asiingie pangoni, ambapo mbwa hawezi kufika. Alipitisha mkono na kikombe, akakwangua, akamwaga.

Walitoka kwa wingi hata akashtuka. Uduvi wenye rangi ya jivu, wadudu wa mikia mitatu, vidogo vingine asivyovijua jina, wote wakikimbia mwanga. Kati ya wale walio hai na mto uliokufa palikuwa na kibwawa tu. Guppy alikuwa chini yake, akipokea kile alichopelekewa kama wote walio chini.

Aliona aibu. Aibu ya mwili, kama mtu aliyeonekana uchi. Aliwaza kulimwaga sinia lile majini na kurudi nyumbani kunywa chai, lakini akateremka kwa Guppy.

Guppy alikuwa kazini alipofika, ameinama katikati ya madimbwi akikata mboga na kuifunga mafungu. Alinyooka pole pole. Hakusalimia, akatazama kwanza nyuma ya Hilary, kisha pembeni mwake.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Mbwa?"

"Nimemwacha ndani."

Hapo ndipo alipokuja kufungua lango. Miaka yote Hilary alikuwa ameliona swali hilo kama chuki. Leo, akiwa karibu, aliona kitu kingine: mkono wake wa kushoto ulioshika lango ulikuwa na kovu pana kutoka kwenye kifundo mpaka chini ya mkono wa shati, la zamani, la tangu utotoni. Hakuuliza. Watu wa huku huona kuuliza ni kumvua mtu nguo.

"Ambrose," alisema, "si wewe."

"Najua si mimi."

"Ni mbwa. Ile dawa ya viroboto, wakiogelea kule juu. Nimepima. Juu ya bwawa kuna uhai tele, na ndani ya bwawa hakuna."

Guppy alitazama ukuta wa mawe uliotenganisha mashamba yake na kibwawa. Alisugua kisu chake kwenye suruali.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi usimwambie mwingine."

Hilary alidhani amesikia vibaya.

"Sema ni kampuni ya maji," Guppy aliendelea. "Sema wamepasua bomba mahali. Hakuna mtu hapa atakayeitetea kampuni ya maji, hata padri. Watapiga kelele, wataandika barua za hasira, mimi nitabaki na madimbwi yangu, wewe utabaki na marafiki zako."

"Lakini si kweli."

"Wiki iliyopita ukweli haukukusumbua."

Alisema bila ukali, kama mtu anayerudisha chombo alichoazimwa. Hilary alitazama chini. Hata hapo, katikati ya aibu, kile kijisauti chake cha posta kiliinuka na kumnong'oneza: mbona anautaka uongo kwa haraka hivi? Anaficha nini? Alikisikia, na kwa mara ya kwanza alichukizwa nacho.

"Na mto?" aliuliza.

"Mto." Guppy akapumua. "Bi Stickland, mto umekuwa ukifa mbele ya macho yangu. Unafikiri haunihusu? Lakini nikiwa mimi nyuma ya hilo neno, watasema Guppy amekutia maneno kinywani, Guppy na chuki yake ya mbwa. Nitashinda baraza, halafu nimuuzie nani mboga? Mbwa wao ndio watoto wao waliobaki nyumbani. Daphne Loveday ana nani zaidi ya kile kijibwa?"

Guppy alimpa fungu moja la mboga, kama ilivyo desturi kwa mgeni aliyefika shambani, na Hilary akalipokea kwa mikono miwili.

Jioni ukumbi ulijaa. Birika kubwa la chai lilikuwa likitoa mvuke kwenye kona, biskuti zimepangwa, na chini ya karibu kila kiti alikuwepo mbwa amelala, pua juu ya kiatu cha mwenyewe. Hilary alipoingia na ndoo mkono mmoja na bakuli la keki mkono mwingine, watu walitafuta kitu nyuma ya miguu yake.

"Bramble yuko wapi?" Daphne aliuliza. "Anaumwa? Hilary, usinitishe."

"Mzima."

Guppy alikuwa amesimama mlangoni, upande wa nje wa mlango hasa, bega likiwa limeegemea mwimo. Kwenye mikutano yote hapo ndipo alipokuwa akisimama, na watu walikuwa wakisema ni kiburi.

"Haya, Hilary," Roland Hallett alisema kutoka kwenye meza ya mbele. "Uwanja ni wako. Tumfungie virago au tusimfungie?"

Watu wakacheka. Hilary akaweka ndoo na bakuli mezani, akageuka.

"Si Guppy," alisema.

Kicheko kikakatika. Hallett akatazama kalamu yake, kisha uso ukamng'aa, kama mtu aliyepata adui wa mbali zaidi na mwenye mabavu zaidi. "Basi ni kampuni ya maji. Nilijua! Si niliwaambia?" Na pale pale wakaanza, huyu akisema bomba la barabarani limekuwa likivuja, yule akisema maji yake yamekuwa yakinuka tangu Krismasi, mwingine akitaka iandikwe barua usiku huo huo. Mambo yote yalikuwa yamejipanga yenyewe. Hilary hakutakiwa hata kusema uongo. Alichotakiwa ni kuketi.

Kutoka mlangoni Guppy alimtikisia kichwa kidogo: keti.

"Si kampuni," Hilary alisema. Ilibidi aseme mara mbili. "Ni mbwa wetu. Ni ile dawa ya viroboto tunayowapaka, halafu tunawaingiza bwawani. Inaua kila kitu kuanzia hapo kwenda chini. Bramble wangu ameua ndoo nzima kwa kunywa tu. Njooni muone. Hawa hai, hawa wamekufa."

Hakuna aliyeinuka. Daphne aliinama taratibu na kumziba Mopsy masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mbwa," Hallett alisema.

"Mbwa."

"Guppy amekupa nini, Hilary?" sauti ya kiume iliuliza kutoka safu za nyuma, nayo haikuwa na mzaha. "Maana jana ulikuwa unaitaka shingo yake. Leo asubuhi umeonekana unatoka kwake na fungu la mboga."

Vichwa viligeuka kumwangalia, na Hilary aliyatambua yale macho. Yalikuwa yakimpima kama kifurushi, yakijiuliza ndani mna nini na kwa nini kimefungwa hivyo. Daphne naye alikuwa akimwangalia vivyo hivyo. Hilary hakutoka pale mezani.

Halafu macho yakamwacha, kwa sababu Guppy alikuwa ameingia. Alivua kofia. Alipita katikati ya viti, kwenye njia nyembamba iliyojaa mikia na makucha na vichwa vilivyoanza kuinuka, akinyanyua miguu juu kupita mbwa mmoja, kisha mwingine, mkono wenye kovu ameubana kifuani. Mbwa mmoja alimnusa suruali. Guppy alisimama, akafumba macho, akangoja, akaendelea. Mpaka alipofika mezani uso wake ulikuwa umelowa jasho, na sasa kila mtu ukumbini alikuwa ameiona hofu yake.

Aliinama juu ya bakuli la kioo.

"Hebu nionyeshe," alimwambia Hilary, akitweta. "Ni wepi hao walio hai?"